Kudai Uraia wa Ugiriki kwa Nasaba ya Mbali: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Swali hili huulizwa kwa sura ileile kila mara: mtu ameambiwa na wazee kwamba baba wa babu yake alikuwa Mgiriki, anayo picha moja iliyofifia na jina la ukoo linaloishia kwa "-akis" au "-opoulos", naye anataka kujua aanzie wapi ili apate uraia wa Ugiriki. Baadhi ya waulizaji wanatoka Tanga, Moshi na Arusha, mahali ambapo Wagiriki walifika enzi za Wajerumani kama makandarasi na mafundi wa reli, kisha wakawa wenye mashamba ya mkonge na kahawa, hadi wengi wao walipoondoka baada ya Azimio la Arusha la 1967. Wengine ni wa Lubumbashi, na wengine wamezaliwa Marekani, Uingereza au Kanada. Sheria inayowahusu wote ni moja, yaani Kanuni ya Uraia wa Ugiriki, Sheria Na. 3284 ya 2004 pamoja na marekebisho yake.

Jambo la kuelewa kabla ya lingine lolote ni kwamba Ugiriki haimpi mtu uraia kwa sababu tu ana damu ya Kigiriki. Kifungu cha 1 cha sheria hiyo kinasema kwamba mtoto wa Mgiriki huwa Mgiriki tangu anapozaliwa. Kwa hiyo, ikiwa mhenga wako alikuwa raia, na mwanawe akaupokea uraia huo, na mjukuu wake vilevile, basi wewe ni raia tayari na kilichobaki ni kuthibitisha na kuandikishwa. Sheria haikuweka kikomo cha vizazi, ila uraia hauruki kizazi: kama mtu mmoja katikati hakuupokea, walio chini yake hawawezi kuupata kupitia kwake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia upande wa Ugiriki, kwenye daftari la manispaa ya mhenga, badala ya kuanzia kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Watu wengi hufanya kinyume. Hulipia vyeti, mihuri na tafsiri kwa miezi kadhaa, ndipo wanapogundua kwamba mhenga wao hajaandikwa popote.

Swali la uraia pacha lije kwanza

Ugiriki inaruhusu raia wake kuwa na uraia wa nchi nyingine, lakini nchi yako huenda hairuhusu. Tanzania, kwa Sheria ya Uraia ya 1995, haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006 inasema kwamba uraia wa Kikongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010, na Uganda inauruhusu pia kwa utaratibu wake. Kama wewe ni Mtanzania au Mkongomani, mwone wakili wa nchini kwako kabla ya kuweka sahihi kwenye karatasi yoyote ya Kigiriki, kwa maana ardhi, ajira ya serikali na haki ya kupiga kura vinaweza kuguswa. Ushauri wa konseli wa Ugiriki hautakusaidia hapa. Yeye anajua sheria ya kwao, siyo ya kwenu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jina kamili la mhenga, na ikiwezekana jinsi linavyoandikwa kwa herufi za Kigiriki.
- Jina la baba yake na, kama linajulikana, la mama yake.
- Kijiji, mji au kisiwa alikotoka. "Ugiriki" peke yake haitoshi.
- Mwaka wa kuzaliwa, hata kama ni wa kukadiria.
- Orodha ya kila mtu kati yake na wewe, pamoja na tarehe na aina ya ndoa ya kila mmoja.
- Anwani ya barua pepe utakayoitumia kwa kazi hii tu, kwani mawasiliano yatakuwa mengi na yatachukua muda mrefu.
- Akiba ya fedha kwa vyeti, mihuri, tafsiri na pengine wakili.

Vipimo vya vinasaba usivihesabu. Hakuna ofisi ya Ugiriki itakayokuandikisha kwa sababu kipimo ulichonunua kinasema wewe ni Mgiriki kwa kiasi fulani.

Hatua

1. Kusanya jina la mhenga kwa ukamilifu wake.

Zungumza na wazee wote waliobaki, kisha tafuta maandishi. Pasipoti ya zamani, kibali cha kuishi nchini, hati ya shamba, wosia na hata jiwe la kaburi vinaweza kubeba jina la kijiji. Kwa walio Tanzania, vitabu vya ubatizo na ndoa vya Kanisa la Orthodoksi ni chanzo cha thamani. Kanisa hilo liko chini ya Patriaki wa Alexandria, na dayosisi yake ya Irinoupolis ina makao Dar es Salaam.

Jina la baba ndilo ufunguo wa daftari za Kigiriki. Katika kijiji kimoja wanaweza kuwapo Ioannis kumi wa ukoo mmoja, na karani huwatenganisha kwa jina la baba na mwaka wa kuzaliwa. Ukilikosa, tumia desturi yao ya kurithisha majina: kwa kawaida mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Kama mtoto wa kwanza wa mhenga aliitwa Dimitrios, kuna uwezekano mkubwa kwamba baba wa mhenga naye aliitwa Dimitrios. Desturi hiyo si ushahidi mbele ya ofisi, lakini inakuelekeza pa kutafuta.

Uwe tayari kukuta jina limebadilika njiani. Ioannis wa kijijini aliitwa John kwa Waingereza na Jean kwa Wabelgiji, Konstantinos akawa Costas, na majina marefu ya ukoo yakakatwa katikati. Wanawake hubeba jina la ukoo kwa umbo tofauti na la wanaume, kwa mfano Papadopoulos kwa mwanamume na Papadopoulou kwa mwanamke. Hilo si kosa la maandishi na halihitaji kurekebishwa upande wa Ugiriki.

2. Tambua manispaa inayoshika daftari la kijiji hicho leo.

Vijiji vingi, hasa vya kaskazini, vilipewa majina mapya katika miaka ya 1920, na mageuzi ya serikali za mitaa yanayojulikana kama Kallikratis, yaliyoanza kutumika Januari 1, 2011, yaliunganisha manispaa ndogo kuwa kubwa. Kijiji kilichokuwa na ofisi yake wakati mhenga anaondoka sasa huenda kiko chini ya mji ulio mbali nacho. Tafuta jina la zamani na jipya pamoja.

Kama kijiji hakijulikani, mwisho wa jina la ukoo unaweza kupunguza eneo la kutafuta. "-akis" ni la Crete zaidi, "-opoulos" la Peloponnese, "-atos" la Kefalonia, "-ellis" la Lesvos, na "-idis" au "-oglou" mara nyingi ni la watu wenye asili ya Asia Ndogo na pwani ya Bahari Nyeusi.

Hapa ndipo pa kuuliza swali ambalo wengi hulisahau: je, mahali hapo palikuwa sehemu ya dola ya Ugiriki mhenga alipoondoka? Thessaly ilijiunga 1881. Macedonia, Crete, Lesvos na Chios ziliingia kutokana na Vita vya Balkani vya 1912 na 1913. Rhodes, Karpathos, Kos na visiwa vingine vya Dodecanese vilikuwa mikononi mwa Italia tangu 1912 hadi vilipokabidhiwa kwa Ugiriki kwa Mkataba wa Paris wa 1947, kwa hiyo mtu aliyetoka huko katika miaka ya 1930 alisafiri kwa hati za Kiitaliano. Kupro haikuwa sehemu ya Ugiriki wakati wowote. Ilikuwa koloni la Uingereza na kisha dola huru tangu 1960. Hili linagusa familia nyingi za Afrika Mashariki na Kongo, kwa sababu wengi walioitwa "Wagiriki" huku kwetu walikuwa Wakupro, na daftari lao halipo Ugiriki.

Waliotoka Smyrna na miji mingine ya Asia Ndogo walikuwa kwa kawaida raia wa dola ya Osmani. Wale walioingia Ugiriki kama wakimbizi walipata uraia kutokana na mkataba wa kubadilishana watu uliotiwa sahihi Lausanne mwaka 1923, nao waliandikwa katika manispaa walikohamishiwa, si walikozaliwa. Kama mhenga wako alipitia Ugiriki kabla ya kuja Afrika, tafuta mahali alipokaa.

3. Iandikie manispaa na uombe vyeti vitatu kwa majina yake.

Barua iwe fupi na iwe kwa Kigiriki. Taja jina la mhenga, la baba yake, la mama yake, kijiji na miaka unayokadiria, eleza kwamba wewe ni mzawa wake, na uambatishe nakala ya kitambulisho chako. Omba utafutaji ufanyike katika daftari hizi:

- *Dimotologio*, yaani daftari la familia la manispaa. Cheti chake huitwa *Pistopoiitiko Oikogeneiakis Katastasis*, nacho huonyesha familia nzima.
- *Mitroo Arrenon*, yaani daftari la wanaume lililowekwa kwa ajili ya jeshi. Omba *Pistopoiitiko Engrafis sto Mitroo Arrenon*.
- *Lixiarcheio*, yaani ofisi ya vizazi, ndoa na vifo. Usajili huo wa kiserikali ulienea nchini kuanzia 1925, hivyo usishangae ukikosa kizazi cha mwaka 1890.

Mhenga aliyehama kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mara nyingi hayumo katika *Dimotologio*, lakini yumo katika *Mitroo Arrenon*. Karani akikujibu kwamba "hayupo", usikubali kabla hajakuambia ametazama daftari gani. Wanawake, kwa upande wao, hawaandikwi katika daftari la wanaume, kwa hiyo mhenga wa kike hutafutwa kupitia familia ya baba yake au ya kaka zake.

Omba namba ya kumbukumbu ya barua yako, ambayo wenyewe huiita *arithmos protokollou*. Barua isiyo na namba hiyo ni kama haikutumwa. Baada ya wiki kadhaa bila jibu, piga simu asubuhi kwa saa za Ugiriki ukiwa na namba hiyo mkononi. Asiyejua Kigiriki ni afadhali amlipe mtu wa huko kwa kazi hii moja, kuliko kutuma barua za Kiingereza ambazo makarani wa manispaa ndogo huziweka kando.

Usiende hatua ya 5 kabla cheti cha mhenga hakijafika. Hata kama una haraka.

4. Pima kila kizazi, ukianzia juu ukishuka chini.

Chora nasaba yako kwenye karatasi moja, kisha kwa kila mtu jibu maswali mawili: mzazi aliyekuwa raia ni baba au mama, na wazazi walikuwa wameoana vipi mtoto alipozaliwa? Majibu hukupeleka kwenye mojawapo ya hali zifuatazo.

Baba Mgiriki, ndoa iliyofungwa na padri wa Orthodoksi. Hii ndiyo njia nyepesi. Mtoto ni raia tangu kuzaliwa, bila kujali mwaka.

Baba Mgiriki, mama wa taifa lingine, ndoa ya kiserikali, mtoto amezaliwa kabla ya Julai 1982. Kabla ya Sheria Na. 1250 ya 1982, Ugiriki haikuitambua ndoa ya kiserikali ya raia wake wa Orthodoksi, hata kama ilikuwa halali kabisa bomani. Sheria hiyo ilizihalalisha ndoa hizo kwa kurudi nyuma, lakini mtoto aliyezaliwa kabla yake hupata uraia kwa kutoa tamko la kuutaka, chini ya Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Uraia.

Mama Mgiriki, mtoto amezaliwa kuanzia Mei 8, 1984. Ni raia tangu kuzaliwa, kwa sababu Sheria Na. 1438 ya 1984 ilimpa mama haki sawa na baba.

Mama Mgiriki, mtoto wa ndoa aliyezaliwa kabla ya Mei 8, 1984. Huyu naye hupata uraia kwa tamko la Kifungu cha 14, mradi mama alikuwa Mgiriki wakati wa kujifungua au wakati wa kufunga ndoa iliyomzaa mtoto huyo.

Kuna mtego katika tamko ambao lazima uuelewe vizuri. Uraia wa tamko huanza siku ya tamko. Haurudi nyuma hadi siku ya kuzaliwa. Watoto wa aliyetamka huupata pamoja naye ikiwa tu, siku hiyo, bado hawajatimiza umri wa utu uzima na hawajaoa wala kuolewa. Kwa hiyo, ikiwa bibi yako mzaa mama alikuwa Mgiriki, na mama yako aliyezaliwa 1950 alifariki bila kutamka, wewe huna njia kupitia kwake. Na ikiwa mama yako yu hai na anataka kutamka leo, uraia utakuwa wake na wa watoto wake walio chini ya umri, kama wapo, si wako wewe mwenye miaka 40. Familia zenye mtoto anayekaribia miaka 18 zisicheleweshe jambo hili hata kidogo.

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na baba Mgiriki. Hii ndiyo hali ya familia nyingi za mashambani na migodini, na ni afadhali isemwe wazi. Baba kumtambua mtoto kwa mdomo, kumsomesha au kumpa jina la ukoo havitoshi. Sheria inataka mtoto awe ametambuliwa rasmi, kwa hati ya mthibitishaji, kwa wosia au kwa hukumu ya mahakama, kabla hajatimiza miaka 18. Mtu aliyetambuliwa akiwa mzima hapati uraia kwa utambuzi huo. Kama babu yako alizaliwa Handeni 1938 na baba yake hakuacha hati yoyote, basi nasaba yenu ni ya kweli na hakuna anayeweza kuwanyang'anya, lakini njia ya Kifungu cha 1 imefungwa. Tafuteni kwanza kama wosia upo, kwa maana mara nyingine hati huonekana kwenye mirathi.

Mtoto wa kuasili hupata uraia ikiwa aliasiliwa na Mgiriki kabla ya kutimiza miaka 18.

5. Kusanya vyeti vya kila kizazi.

Kwa kila mtu kati ya mhenga na wewe, unahitaji cheti cha kuzaliwa na cha ndoa. Cheti cha kifo huombwa mara nyingi kwa waliofariki. Kwa Tanzania Bara vyeti hivi hutolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Omba nakala kamili inayoonyesha majina ya wazazi wote wawili, wala usitumie muhtasari wenye jina la mtoto peke yake. Ndoa ya kanisani ithibitishwe kwa cheti cha kanisa pamoja na cha serikali.

Sasa weka vyeti vyote mezani na ulinganishe majina herufi kwa herufi. Tofauti ndogo, kama Georgiou na Georgio, zinaweza kusimamisha faili zima. Ni bora ugundue tofauti wewe kabla afisa hajaigundua.

6. Thibitisha hati kwa ajili ya matumizi ya nje.

Kama hati imetolewa na nchi iliyo katika Mkataba wa The Hague wa Oktoba 5, 1961, kwa mfano Marekani, Uingereza, Oman au Kanada, ambayo iliingia Januari 11, 2024, huwekewa na mamlaka ya nchi hiyo muhuri wa apostili, yaani uthibitisho unaotambuliwa katika nchi za mkataba huo. Kwa hati ya nchi isiyo katika mkataba, njia ni kuipeleka Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi iliyoitoa na kisha kwenye ubalozi wa Ugiriki. Ubalozi ulioko Nairobi huhudumia pia Tanzania na Uganda, na Kongo ina ubalozi wake Kinshasa. Ulizia ubalozi kwanza jinsi wanavyotaka hati zako zithibitishwe, halafu ndipo ulipie.

7. Tafsiri kwa Kigiriki.

Ofisi ya tafsiri ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ugiriki iliacha kazi hiyo mwaka 2021, na nafasi yake imechukuliwa na watafsiri walioidhinishwa ambao orodha yao iko kwenye tovuti ya serikali. Mawakili wa Ugiriki nao wana haki ya kutafsiri na kuthibitisha. Muhuri uwekwe kabla ya tafsiri, ili nao utafsiriwe. Mtafsiri apewe cheti cha mhenga kilichotoka manispaa, ili jina la ukoo aliandike vilevile lilivyo kwenye daftari, badala ya kulikisia kutoka herufi za Kiingereza.

8. Sajili ndoa na vizazi upande wa Ugiriki, kwa mpangilio.

Matukio ya Wagiriki yaliyotokea ng'ambo husajiliwa kwenye Ofisi Maalumu ya Usajili iliyoko Athens, iitwayo *Eidiko Lixiarcheio*, au kupitia konseli. Anza na kizazi cha juu, ukitanguliza ndoa ya wazazi kisha kuzaliwa kwa mtoto, halafu shuka kwa kizazi kinachofuata. Mtu anayejaribu kusajili kuzaliwa kwake wakati ndoa ya babu yake haijasajiliwa atarudishwa.

9. Omba kuthibitishwa uraia na kuandikwa katika daftari la manispaa.

Baada ya usajili, faili huenda kwenye Kurugenzi ya Uraia iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo hukagua vizazi vyote na kutoa uamuzi. Uamuzi ukitoka, manispaa inakuandika katika *Dimotologio*, na mwanamume huandikwa pia katika *Mitroo Arrenon*. Kwa nasaba ya vizazi vitatu au vinne, hapa ndipo wakili wa Ugiriki anapostahili ada yake. Unaweza kumpa hati ya uwakili kupitia konseli bila kusafiri. Wale wa Kifungu cha 14 hutoa tamko lao kwa konseli wa mahali wanapoishi.

10. Shughulikia wajibu wa jeshi, kisha pasipoti.

Mwanamume raia wa Ugiriki yuko chini ya wajibu wa jeshi kuanzia Januari 1 ya mwaka anaotimiza miaka 19 hadi Desemba 31 ya mwaka anaotimiza 45, hata kama alizaliwa Arusha na hajawahi kuiona Athens. Aliyeishi ng'ambo maisha yake yote huomba cheti cha mkazi wa kudumu wa nje, ambacho huahirisha wajibu huo mradi hahamii Ugiriki. Apate cheti hicho kupitia konseli kabla ya safari yake ya kwanza akiwa raia, asiache jambo hili hadi uwanja wa ndege. Pasipoti huombwa kwa konseli, na ya mtu mzima hudumu miaka 10. Kitambulisho cha taifa hutolewa Ugiriki kwenyewe.

Makosa yanayorudiwa mara kwa mara

Kosa kubwa nimekwisha kulitaja: kulipia kila kitu kabla ya kumpata mhenga kwenye daftari. La pili ni kumwamini wakala anayeahidi pasipoti kwa muda maalumu. Hakuna mtu nje ya ofisi hizo anayeweza kupanga kasi yake, na anayeahidi hivyo kabla hajaona cheti cha manispaa anauza maneno.

Kosa la tatu ni kuficha ndoa ya pili, mtoto wa nje au tarehe inayotia aibu. Maafisa hawahukumu maadili ya babu yako. Wanachotafuta ni hati zinazokubaliana, na kilichofichwa hujitokeza pale vyeti viwili vinapopingana. Na tafadhali usirekebishe cheti cha zamani kwa kalamu, hata kama ni herufi moja.

Ukikwama

*Tarehe mbili za kuzaliwa zinatofautiana kwa siku 13 hivi.* Ugiriki ilitumia kalenda ya Juliasi hadi Februari 1923, na siku iliyofuata Februari 15 mwaka huo ikahesabiwa kuwa Machi 1. Eleza hivyo kwa maandishi. Maafisa wanalifahamu jambo hili. Angalia pia kama tarehe moja ni ya ubatizo.

*Mwaka wa kuzaliwa unatofautiana.* Ni jambo la kawaida katika daftari la wanaume, kwa kuwa miaka iliandikwa kwa makadirio. Kama majina ya wazazi na kijiji vinalingana, tofauti hiyo kwa kawaida hutatuliwa kwa hati za ziada.

*Jina kwenye cheti cha huku halifanani na la kule.* Tofauti ndogo zinaweza kuelezwa kwa hati ya kiapo, lakini tofauti ya jina zima huhitaji cheti kirekebishwe na mamlaka iliyokitoa, au amri ya mahakama ya nchi hiyo inayotamka kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

*Manispaa inasema daftari liliungua.* Vita viliteketeza nyaraka nyingi. Waandikie Hazina ya Nyaraka za Taifa, *Genika Archeia tou Kratous*, tawi la mkoa husika, uulizie orodha za wapiga kura, nakala za daftari la wanaume na kumbukumbu za shule. Parokia ya kijiji nayo huenda ina kitabu cha ubatizo.

*Mhenga alichukua uraia wa Uingereza au wa Tanganyika.* Usikate tamaa kwa sababu hiyo. Chini ya Kanuni ya Uraia ya 1955, Mgiriki aliyechukua uraia wa nchi nyingine bila ruhusa ya serikali yake hakupoteza wa Kigiriki kwa kitendo hicho peke yake. Waulize manispaa kama kuna alama ya kufutwa pembeni mwa jina lake.

*Mhenga alikuwa Mkupro, au wa Smyrna ambaye hakuingia Ugiriki, au kizazi kimoja hakikupokea uraia.* Njia ya Kifungu cha 1 haipo. Kuna njia nyingine chini ya Kifungu cha 10, ya kuomba uraia wa tajnisi, yaani wa kupewa na serikali, ukiwa ng'ambo kama mtu wa asili ya Kigiriki. Ombi hupelekwa kwa konseli, nawe hufanyiwa mahojiano, na hapo kujua lugha na kuwa na uhusiano wa kweli na Wagiriki hupimwa. Huo ni uamuzi wa serikali, wanaweza kukubali au kukataa. Mwenye nasaba ya Kupro aulize pia kwa ubalozi wa Kupro, maana sheria yao ya uraia ni yao peke yao.

*Wa Dodecanese walioondoka kabla ya 1947.* Iandikie manispaa ya kisiwa bila kukata shauri mapema. Baadhi ya waliokuwa ng'ambo waliandikishwa baadaye wao wenyewe au na ndugu zao waliobaki, na jina likipatikana humo, unaendelea na hatua ya 4 kama mwingine yeyote.